Kundi la Ukoo, Mwanza: Kifo cha Sheikh wa Kituruki

*Jumatatu, 21 Oktoba 2024*

08:14, Salma Nyegezi: Asalaam aleykum ukoo. Shikamooni wakubwa wote. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Fethullah Gülen amefariki jana huko Pennsylvania, Marekani, akiwa na miaka 83. Wafuasi wake ndio walioanzisha shule za Feza, pale Dar nilikosoma. Allah amrehemu.

*[Picha]*

08:19, Shangazi Igoma: Waaleykum salaam mwanangu, marahaba. Amin. Ndiye yule uliyetuambia alikuwa akihubiri huku analia?

08:20, Salma Nyegezi: Ndiye Shangazi. Alikuwa akiwataja Masahaba mimbarini, sauti inakatika, na msikiti mzima unalia naye. Kanda zake zilisambaa Uturuki nzima.

08:31, Juma Konya: Shikamooni. Dada Salma, naomba uifute hiyo picha. Naingia darasani, mchana nitaeleza. Ila ifute kwanza, dada yangu.

08:33, Salma Nyegezi: Juma, maiti huyu. Namwombea dua tu.

08:34, Juma Konya: Dua omba. Picha futa. Mimi niko Konya, huku huku Uturuki, na simu yangu ina kundi hili.

09:02, Mjomba Mwaloni: Mwangaluka nyote. Ndiyo kwanza nimemaliza kupokea dagaa wa Ukerewe, nakuta mdogo anamlilia dada yake kuhusu picha ya mzee. Shemeji Ustadh, nifahamishe mimi Mkristo: huyu ni sheikh au mwanasiasa?

09:40, Baba Mkubwa Mkuyuni: Waaleykum salaam. Shemeji, hilo ndilo swali lenyewe, na Waturuki wameligombania miaka hamsini. Nilivyomsoma mimi ni hivi. Alizaliwa Korucuk, kijiji cha mkoa wa Erzurum, mashariki mwa Uturuki kwenye baridi kali, mwaka 1941. Baba yake imamu. Mama yake aliwafundisha wanawake wa kijiji Kurani wakati ambao serikali ilikuwa imeibana elimu ya dini. Shule ya serikali hakuifikisha mbali, lakini akapata kibali cha kuhubiri, na 1966 akahamishiwa Izmir. Huko ndiko jina lilikotoka.

09:43, Baba Mkubwa Mkuyuni: Alishika mafundisho ya Said Nursi, mwanachuoni wa Uturuki, ingawa hawakuwahi kuonana: kwamba fizikia na Kurani havigombani. Akawaambia wafanyabiashara, msiongeze misikiti tu, jengeni shule. Hii ndiyo hoja iliyonivuta mimi, kwa sababu hapa kwetu nimeona watu wakichangishana kwa ajili ya mnara wakati watoto wa madrasa wanakaa chini. Wenzetu walianza na mabweni na nyumba za kupanga. Kila nyumba ina kijana mkubwa anayewaongoza wadogo, wanamwita abi, yaani kaka. Kisha vituo vya tuisheni, kisha shule, gazeti la Zaman 1986, hata benki. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika wakaingia Asia ya Kati, baadaye Afrika. Tanzania walifika 1995.

09:45, Baba Mkubwa Mkuyuni: Na Shemeji, Februari 1998 alipokewa Vatikani na Papa Yohane Paulo wa Pili.

09:51, Mjomba Mwaloni: Yule yule aliyekuja hapa Mwanza 1990? Basi nimeanza kumwelewa. Lakini mtu wa hivyo mtoto wetu anaogopaje picha yake?

10:05, Baba Mkubwa Mkuyuni: Subiri, sijafika. Jeshi lilipoingilia serikali 1971 alifungwa miezi kama saba. Machi 1999 akaenda Marekani kwa matibabu. Miezi mitatu baadaye televisheni ya Uturuki ikarusha mkanda wake akiwaambia wafuasi waingie ndani ya mishipa ya dola bila kuonekana, mpaka wafike kwenye vituo vya madaraka. Yeye alisema mkanda umekatwakatwa na kuungwa. Akashtakiwa, mahakama ikamwachia huru 2006, rufaa ikathibitisha 2008. Hakurudi kwao tena. Na muda wote huo vijana wake walikuwa wamejaa polisi na mahakamani.

10:09, Salma Nyegezi: Baba Mkubwa, mhitimu mwenye akili akiomba kazi polisi kuna ubaya gani? Mbona wengine wote waliajiriwa?

10:22, Baba Mkubwa Mkuyuni: Kuajiriwa si ubaya, mwanangu. Ubaya ni askari mwenye wakubwa wawili, mmoja anayeonekana na mmoja asiyeonekana. Akitokea ustadh hapa Mkuyuni akaniambia niwatume wanafunzi wangu serikalini na wafiche kwamba ni wanafunzi wangu, nitamuuliza: unaficha nini?

10:24, Shangazi Igoma: Hapo umesema kweli kaka.

13:48, Juma Konya: Nimetoka. Shikamooni tena. Dada Salma nakuheshimu, wewe ndiye uliyenifundisha kemia mpaka nikapata huu ufadhili. Lakini nisikilizeni. Usiku wa tarehe 15 Julai 2016 kundi la wanajeshi lilijaribu kupindua serikali hapa. Vifaru viliingia mitaani, ndege za kivita zikapiga bunge. Watu 251 walikufa, wengi wao raia waliotoka kuzuia vifaru, na zaidi ya 2,000 walijeruhiwa. Daraja la Bosfori, Istanbul, sasa linaitwa Daraja la Mashahidi wa 15 Julai. Mdogo wake mwenye nyumba wangu alipigwa risasi pale darajani. Picha yake iko sebuleni, naiona kila nikienda kulipa kodi.

13:50, Shangazi Igoma: Yarabi. Mpe pole mama mwenye nyumba.

13:57, Juma Konya: Nitampa Shangazi. Asubuhi yake, karibu na kambi ya anga ya Akıncı ambako mapinduzi yaliongozwa, alikamatwa mhadhiri wa theolojia, Adil Öksüz. Raia, siku chache nyuma alikuwa Marekani. Mahakama ikamwachia, akatoweka. Mhadhiri wa dini alikuwa anatafuta nini kwenye kambi ya ndege za kivita usiku ule? Hapa swali hilo kila mtu analijua.

14:10, Salma Nyegezi: Na sheikh aliyalaani mapinduzi usiku ule ule. Akasema iundwe tume ya kimataifa, na ikimkuta na hatia atarudi mwenyewe. Uturuki iliomba arudishwe, Marekani ikataka ushahidi wa kuitosha mahakama, na mpaka amekufa hawakumtoa.

14:13, Juma Konya: Dada, kabla ya mapinduzi kulikuwa na kesi za Ergenekon na Balyoz, ambazo polisi na waendesha mashtaka wake wanadaiwa kuwa wa mtandao wa Gülen. Kwenye Balyoz maafisa wa jeshi walifungwa kwa nyaraka zilizodaiwa kuandikwa 2003, wataalamu walipozikagua wakakuta aina ya herufi iliyotoka na programu ya 2007. Ushahidi wa kughushi! Watu walikaa gerezani miaka, ndipo 2015 washtakiwa wa Balyoz wakaachiwa. Na 2010 mtihani wa kuajiri walimu serikalini ulivuja, waendesha mashtaka wanasema waliovujishiwa ni watu wa mtandao huo. Wewe ni mwalimu. Mtoto wa maskini aliyekesha na vitabu akamkuta mwenzake amepewa majibu, utamwambia nini?

14:31, Salma Nyegezi: Hilo la mtihani limeniuma. Sitalitetea. Aliyefanya hivyo amekula haki ya watu, na kama alifanya kwa jina la dini ni kubaya zaidi.

14:34, Salma Nyegezi: Lakini mimi namkumbuka mwalimu wangu wa hisabati. Alikuja Tanzania kijana, hajui Kiswahili, akajifunza kwetu sisi wanafunzi. Alikaa nasi bwenini mpaka saa tano usiku kwa ajili ya wale waliokuwa nyuma. Hakutuhubiria, na darasa letu lilikuwa na Wakristo nusu. Baada ya 2016 zaidi ya watumishi 100,000 walifukuzwa kazi Uturuki, majina yakitolewa kwa orodha. Kuweka akiba kwenye ile benki, kujiandikisha gazeti lile, kumsomesha mtoto shule zile, vyote vikawa ushahidi. Mwalimu wangu hakuendesha kifaru, Juma.

14:36, Mjomba Mwaloni: Benki yenyewe ilikuwa na kibali cha serikali au ya uchochoroni?

14:37, Salma Nyegezi: Ilikuwa na kibali Mjomba. Mwaka 1996 ilipofunguliwa viongozi wa nchi walihudhuria.

14:41, Mjomba Mwaloni: Sasa hapo mimi nakataa. Huwezi kufungua duka mbele ya mkuu wa mkoa, watu wakanunua, halafu kesho ukawafunga walionunua.

14:52, Baba Mkubwa Mkuyuni: Na muongeze hili, maana Juma yuko huko, hawezi kulisema vizuri. Hao waliogombana walikuwa marafiki. Chama cha Rais Erdoğan kilipoingia madarakani 2002 watu wa Gülen walikiunga mkono, na zile kesi za maafisa wa jeshi zilikifaa chama pia. Waligombana 2013, serikali ilipotaka kufunga vituo vya tuisheni, na Desemba mwaka huo polisi wakafungua kesi za rushwa dhidi ya watu wa karibu na serikali. Kabla ya hapo mitandao ile haikuitwa ya kigaidi. Jina hilo lilikuja rasmi 2016. Nawauliza: mwalimu aliyeajiriwa 2008 angejuaje?

15:20, Shangazi Igoma: Jamani Bibi amesikia yote, nimemsomea. Anatuma sauti.

*[Ujumbe wa sauti, 1:52]*

15:31, Shangazi Igoma: Mjomba uko sokoni hutasikia, nakuandikia. Bibi anasema amewasikia nyote na hakuna aliyesema uongo. Anasema Juma ana maiti wake na Salma ana mwalimu wake, msigombane kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyemwona. Halafu anauliza, wale waliochukuliwa Nairobi ambao redio ilisema, ni hao hao?

15:38, Salma Nyegezi: Ndio hao Bibi, shikamoo. Ijumaa tarehe 18 watu wasiojulikana waliwachukua Waturuki saba Nairobi, watatu wakaachiwa. Leo serikali ya Kenya imekiri kwamba wanne wamerudishwa Uturuki. Walikuwa wakimbizi, wamesajiliwa na Umoja wa Mataifa.

15:40, Mjomba Mwaloni: Nairobi hii hapa? Mimi nina wateja wa dagaa Nairobi.

15:47, Salma Nyegezi: Hii hapa. Na si Nairobi tu. Moldova iliwachukua walimu wa shule hizo Septemba 2018 asubuhi wakienda kazini, na mwaka uliofuata Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema walinyimwa haki zao. Kosovo nayo ilitoa Waturuki sita Machi 2018, waziri mkuu akamfukuza waziri wa mambo ya ndani kwa sababu hakuambiwa. Hili ndilo linaninyima usingizi. Januari 2017 Erdoğan alikuja Dar, akaomba shule hizi zikabidhiwe kwa taasisi ya serikali yake. Sisi tuliosoma pale siku ile tulikuwa tunapigiana simu kuulizana walimu wako wapi.

16:15, Juma Konya: Dada, la Nairobi nakubaliana na wewe. Mtu akiwa na kosa apelekwe mahakamani mchana, awe na wakili. Kumvizia barabarani si sheria. Hata hapa chuoni wapo wanaosema hivyo, wanasema kwa sauti ya chini.

16:17, Juma Konya: Ila yeye mwenyewe Gülen sitamsamehe kwa hili moja. Alikaa Pennsylvania miaka 25. Vijana waliomwamini ndio walioingia jela. Mabinti wamejifungua wakiwa wafungwa. Kiongozi akiona watu wake wanateketea, asimame aseme: hawa niliwatuma mimi na hawa sikuwatuma. Hakusema.

16:29, Salma Nyegezi: ...

16:30, Salma Nyegezi: Hapo sina jibu.

17:05, Baba Mkubwa Mkuyuni: Juma umenena. Mimi nimefundisha Kurani toka ujana, na ninachokiogopa zaidi katika kazi hii ni mwanafunzi anayenitii bila kuniuliza. Ukimzoesha hivyo akiwa na miaka kumi na mbili, siku utakayokosea atakosea pamoja na wewe, na atadhani ni ibada.

*Alhamisi, 24 Oktoba 2024*

19:12, Mjomba Mwaloni: Habari za jioni. Mzee kazikwa? Nauliza kwa sababu hapa Kirumba nimewasimulia watu na wameniuliza, nikakosa la kuwajibu.

19:20, Salma Nyegezi: Leo Mjomba. Wamemsalia kwenye uwanja wa michezo New Jersey, maelfu walikuja, kisha wamemzika pale pale Saylorsburg alikokuwa akiishi. Serikali ya Uturuki imesema mapambano na kundi lake yanaendelea.

19:22, Shangazi Igoma: Na mrithi?

19:24, Baba Mkubwa Mkuyuni: Hakuoa, hakuacha mtoto, na mamlaka yake yalikuwa ya mimbarini. Sasa wataanza kuvutana wao kwa wao, hilo nina hakika nalo.

19:30, Baba Mkubwa Mkuyuni: Sasa nasema kama mkubwa wa kundi. Salma, ile picha ifute, mwenzako yuko ugenini na hana wa kumtetea. Juma, nawe futa mazungumzo yote kwenye simu yako, ukitaka kuzungumza nami nipigie Jumapili baada ya alasiri. Ila habari ya Nairobi, Salma, iache ibaki hapa, na ukipata jina la mwalimu wako kokote aliko tuambie tumwombee kwa jina.

19:33, Salma Nyegezi: Nimefuta Baba Mkubwa.

*Ujumbe huu umefutwa*

19:41, Juma Konya: Asante dada. Wazazi, Jumapili nitapiga.