Nyaya za intaneti baharini: nani anazilinda?

Mwenye stesheneri, Kariakoo: Wakuu, kuna jambo linanikera tangu Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti kupitia baharini, zilipokatika. Dada mmoja alikuwa anatuma maombi ya kazi kwangu, mwisho saa sita usiku. Cheti cha mwisho kikagoma kupanda, kiduara kinazunguka tu. Aliondoka analia, sikuchukua hela yake. Sasa mtu akikata waya makusudi, anakamatwa na nani?

Baharia mstaafu: Pole mkuu. Nyingi hukatwa na nanga au nyavu. Ugumu ni sheria: nje ya maji ya nchi, kwa kawaida mkosaji hushtakiwa na nchi ambayo meli inapeperusha bendera yake, au nchi yake mwenyewe. Desemba 2024 Finland iliikamata meli ya Eagle S, yenye bendera ya Visiwa vya Cook, kwa tuhuma za kuburura nanga na kukata nyaya. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikasema haina mamlaka, kesi ikafutwa.

Mama Zuhura: Lakini NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilipeleka meli za doria huko kwenye Bahari ya Baltiki Januari 2025. Huku kwetu je?

Baharia mstaafu: Huku, dada, tunategemea meli ya matengenezo itoke mbali, Cape Town kwa mfano.

Mwenye stesheneri, Kariakoo: Basi nchi za pwani hii zikae pamoja zinunue ya kwao. Yule dada hakurudi tena dukani.