Hercules, CGA au EGA kwenye XT ya 8088: ifungwe kadi ipi?

Sloti8
Wakuu, salamu. Naomba ushauri. Kuna kompyuta ya IBM XT 5160 yenye kumbukumbu ya 640 KB, haina kadi ya michoro (ile inayotuma picha kwenye kioo). Zinazopatikana ni tatu: CGA ya IBM yenyewe, Hercules ya kuigiza (nakala ya kampuni nyingine), na EGA ya 256 KB. Kioo bado hakijanunuliwa. Kazi yake ni WordStar (kuandika), Lotus 1-2-3 (majedwali ya hesabu), Turbo Pascal (kuunda programu), na michezo kidogo. Ipi ifungwe, na kwa nini?

FundiTTL
Mkuu, anza na kioo, kadi utaipata baadaye. Zote tatu zina plagi ile ile ya pini 9, lakini mawimbi yanayotoka si mamoja, na hapo ndipo vioo vingi huuawa. Hercules (sawa na MDA, kadi ya IBM iliyoitangulia) hutoa mlalo wa 18.4 kHz na wima wa 50 Hz. CGA hutoa 15.7 kHz kwa 60 Hz. EGA ikiwa kwenye mistari 350 hupanda hadi 21.8 kHz, ikishuka kwenye mistari 200 hurudi 15.7.

Kioo cha 5151, kile cha kijani cha IBM, hakina mapigo ya mlalo ya kwake. Hatua ya mlalo huendeshwa moja kwa moja na sinki (mapigo ya kulinganisha) inayotoka kwenye kadi. Ukikichomeka kwenye CGA, transista ya mlalo na flaibaki (transfoma ya volti kubwa) hufanya kazi kwa masafa ambayo hazikuundiwa. Dalili ni mluzi mkali na kioo cheusi. Zima hapo hapo, usisubiri harufu.

Kwa kazi ulizotaja mimi nachagua Hercules bila kusita. MDA ya 1981 ilikuwa na 4 KB tu, herufi pekee, safu 80 kwa mistari 25, kila herufi kwenye kisanduku cha pikseli 9 kwa 14. Hercules ya 1982 iliacha herufi hizo zilivyo, ikaongeza 64 KB na michoro ya 720 kwa 348. Aliyeibuni, Van Suwannukul, alitaka kuandika Kithai kwenye PC, ndiyo maana usafi wa herufi ulitangulia rangi. Lotus 1-2-3 ilikuja na dereva wa Hercules, kwa hiyo grafu unazipata kwenye kioo kile kile cha hesabu. Herufi za CGA ni 8 kwa 8. Soma kurasa tano za WordStar kwenye CGA kisha uniambie.

Bi_Saketi
Kaka FundiTTL, kwa maandishi sikupingi, ila umeipunja CGA. Hercules haina namba ya hali ya michoro ndani ya BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye chipu) ya mashine. Programu isiyobeba msimbo wake wa Hercules haitachora chochote, na michezo mingi ya miaka ya mwanzo iliandikwa kwa CGA pekee.

Halafu kuna ile tundu ya RCA nyuma ya kadi. Hali ya 640 kwa 200 ikipita kwenye kompoziti (picha yote kwa waya mmoja) ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, huzaa rangi 16 kwa upana wa takriban 160, kwa sababu pikseli zilizobanana hugeuka rangi ndani ya saketi ya televisheni. Michezo iliyopangwa kwa njia hiyo, kwenye kioo cha RGB utaiona kama michirizi tu. Angalizo: televisheni lazima ikubali NTSC ya 3.58 MHz. Ya PAL tupu (mfumo mwingine wa televisheni) itakupa picha isiyo na rangi au inayobingirika. Rangi zikihama (ngozi ya kijani, mbingu ya zambarau), kuna kapasita ndogo ya kuzungusha kwenye ubao mama karibu na kristali ya 14.318 MHz. Izungushe taratibu kwa bisibisi ya plastiki, si ya chuma.

FundiTTL
Na theluji je, dada, vile vidoa vinavyomemeta kwenye kioo cha CGA?

Bi_Saketi
Theluji ipo, siikatai. Kumbukumbu ya CGA ya IBM ina mlango mmoja. Kwenye herufi za safu 80, prosesa na 6845 (chipu ya kadi inayoongoza kioo) wakiifikia kwa wakati mmoja, prosesa hushinda na kioo hupokea takataka. Safu 40 na hali za michoro hazina shida hiyo. Anayeandika Turbo Pascal asome pordi 3DAh: biti 0 ikiwa 1, andika baiti moja, biti 3 ikiwa 1 uko kwenye marejeo ya wima, andika kwa wingi. CGA nyingi za kuigiza zilikwisha kuondoa kasoro hii.

Mkuki_ISA
Mbona mnagombana na XT ina sloti 8? Wekeni zote mbili. Hercules hukaa B0000h na pordi 3B0h hadi 3BFh, CGA hukaa B8000h na 3D0h hadi 3DFh. Hazigusani, mradi Hercules ibaki HALF, yaani biti 1 ya pordi 3BFh iwe 0. Ukiiweka FULL, ukurasa wake wa pili unakalia B8000h na kadi mbili zinapigania basi (njia ya data ya pamoja). Kuhama ni `MODE MONO` na `MODE CO80`. Turbo Debugger (programu ya kutafuta makosa) ikiwashwa na `-do` huonyesha msimbo kwenye kijani na programu yako kwenye rangi. Kwa mwandishi wa Pascal hakuna raha kuzidi hiyo.

Swichi za SW1 kwenye 5160:
5 OFF, 6 OFF: MDA au Hercules
5 ON, 6 OFF: CGA safu 80
5 OFF, 6 ON: CGA safu 40
5 ON, 6 ON: EGA au VGA

Ukikosea utasikia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, na watu hukimbilia kusema kadi imekufa.

Jambo jingine: Hercules nyingi zina pordi ya printa kwenye 3BCh. BIOS huitafuta hiyo kwanza, kwa hiyo inakuwa LPT1 (printa ya kwanza) na printa yako ya zamani ya 378h inasukumwa LPT2. WordStar itakaa kimya na utalaumu kebo.

Sloti8
Asanteni sana. Nimeona tangazo la 5151 nzima, kwa hiyo naegemea Hercules. Maswali mawili: SIMCGA (programu ya kuigiza CGA kwenye Hercules) inatosha kwa michezo? Na EGA mbona hakuna anayeitetea?

FundiTTL
SIMCGA inatosha nusu. Inapanga upya 6845 ili kumbukumbu ya B8000h isomwe kwa mpangilio wa CGA, rangi zikawa madoa ya kijani. Mchezo unaopitia BIOS utakwenda. Unaosubiri pordi 3DAh ibadilike utaganda, maana Hercules haina pordi hiyo na usomaji unarudisha FFh siku zote. Ipakie kabla ya mchezo, na hapo CGA halisi isiwe ndani ya mashine.

Kwa kuwa unaandika Pascal mwenyewe, hizi ndizo namba 12 za kwanza za 6845 kwa michoro ya Hercules: 35 2D 2E 07 5B 02 57 57 02 03 00 00 (heksa). Kabla yake tuma 01 kwenye 3BFh, vinginevyo kadi inakataa michoro. Angalia 57h: ni 87, mara mistari 4 ya kila kizuizi unapata 348. Ndiyo sababu si 350, kwani 350 haigawanyiki kwa 4. Kumbukumbu nayo imekatwa vipande vinne vya 8 KB: mstari y unaanzia (y mod 4) × 2000h + (y div 4) × 90. CGA ina vipande viwili tu, kila mstari baiti 80. Ukikosea namba ya kwanza kati ya hizo 12, 5151 ndiyo italipa.

Bodi_Mama
EGA nitaitetea kidogo. 640 kwa 350, rangi 16 kati ya 64, tangu 1984, na BIOS yake iko kwenye kadi yenyewe kuanzia C0000h. Kwenye 5160 hakuna tatizo. Kwenye PC 5150 yenye BIOS ya 04/24/81 au 10/19/81 haitaonekana kabisa, kwa sababu BIOS hizo hazitafuti romu za kadi. Unahitaji ile ya 10/27/82.

Udhaifu wake: kompoziti hakuna, Hercules haiigi, na michezo ya CGA inayochezea 6845 moja kwa moja huvurugika. EGA ya IBM ina swichi nne nyuma za kuitajia aina ya kioo. Ukiweka ya mistari 350 huku umechomeka kioo cha CGA, unarudi kwenye mluzi wa FundiTTL. Pini 2 pia: kwa CGA ni ardhi, kwa EGA ni nyekundu ya ziada, kwa hiyo jampa lake likae upande wa ardhi.

Mpima_Volti
Kabla ya kuwasha kadi yoyote ya miaka hiyo, chukua multimita. Upande wa B wa kadi: B1, B10 na B31 ni ardhi, B3 na B29 ni +5, B9 ni +12. Ukikuta ohmu chache kati ya B9 na B1, kuna kapasita ya tantalamu iliyoshoti. Pawasaplai itajizima na mashine itaonekana imekufa kabisa. Badilisha kwa 10 µF ya 25 V, chanya ikae palipo na alama ya +. Ukiigeuza italipuka, na moshi wake si wa kunusa.

Na kama XT imetoka Marekani, soma kibandiko cha pawasaplai kwanza. Nyingine ni 120 V tu, na 5151 hula umeme kupitia tundu la nyuma la mashine hiyo hiyo. Kwenye 240 V yetu, transfoma ya kushusha lazima ibebe vyote viwili.

Bi_Saketi
Tangazo la 5151 likikuponyoka, tafuta RGBtoHDMI, kigeuzi cha kuonyesha kwenye kioo cha HDMI, kinachotumia Raspberry Pi Zero na kupokea TTL (mawimbi ya dijitali ya plagi ya pini 9) ya zote tatu. Kwa Hercules tengeneza profaili mbili. Herufi zina nukta 882 kwa mstari mzima, michoro ina 864. Ukitumia moja kwa zote, pikseli zitatetema au ukingo wa kulia utakatika.