Programu yangu inahesabu siku, nyanya zinaoza kitako. Nimekosea wapi?

Fundi_Kodi: Wakuu habari za jioni. Nimetengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wakulima kumwagilia nyanya, mjomba wangu ana ekari moja Ilula ndo anaijaribu. Unaweka tarehe ya kuhamisha miche alafu meseji inakuja kila siku ya tatu, na kuna sensa moja ya unyevu nimeichomeka vidole viwili hivi chini. Sasa matunda yanaota doa jeusi kitakoni, linadidimia kama ngozi iliyokauka, mjomba kapiga dawa mara mbili wapi. Na data yangu inaonyesha maji yapo!

Mama Mboga Shambani: Pole mwanangu. Hiyo sio kuvu, mwambie mjomba aache kumaliza hela kwenye dawa. Tunda limekosa kalsiamu, na kalsiamu inapanda na maji, sasa maji yakipungua au yakija leo mengi kesho kutwa pakavu, majani yanajivutia yote tunda linabaki halina, hata kama udongo wenyewe unayo. Mimi nachimba pembeni ya shina urefu wa kiganja, nafinya udongo, ukishikana naacha ukimeguka nafungulia maji. Na mche wa wiki mbili hauwezi kunywa sawa na mmea uliobeba vishada vitatu.

BitiNaMbegu: Mama kamaliza, mi naongezea upande wa kuandika programu. Acha kuhesabu siku, hesabu joto, maana ndilo linaloamua mmea ukue haraka au polepole. Joto la juu jumlisha la chini, gawa kwa 2, toa 10 (chini ya nyuzi hizo nyanya karibu haikui). Siku yenye nyuzi 26 na 12 unapata 9, siku ya Dar yenye nyuzi 32 na 24 unapata 18, yaani mara mbili, sasa mbegu ileile utaipangaje kwa tarehe? Database yako, yaani hifadhi ya taarifa, isianze na mtumiaji, ianze na mmea: uko hatua gani, mizizi imefika wapi, udongo kichanga au mfinyanzi. Meseji itoke hapo. Na hiyo sensa ishushe sm 20 hadi 30, hapo ilipo inapima ngozi ya udongo tu.

Fundi_Kodi: Nimempigia mjomba achimbe sasa hivi, asubuhi alimwagilia. Juu pamelowa, kiganja kimoja chini ni vumbi. Naanza upya na jedwali la hatua. Mama, mkulima nikimuuliza hatua kwa meseji atajibu kweli?

Mama Mboga Shambani: Atajibu. Muulize "ua la kwanza umeliona?", usimuulize siku ngapi.