Akayesu hakushtakiwa kubaka yeye mwenyewe, kwa nini Arusha walimtia hatiani kwa ubakaji?

MwanaNjiro: Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa pili sheria, tumefika kesi ya Jean-Paul Akayesu, ile ya mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, iliyokuwa hapa hapa Arusha, kwenye jengo la mikutano la AICC. Najua alikuwa meya wa Taba huko Rwanda na najua hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Kinachonitatiza ni ubakaji. Yeye hakudaiwa kumbaka mtu, na wale akina mama wengine walibaki hai mpaka wakaja kutoa ushahidi. Sasa kimbari inaingiaje? Nauliza kwa nia njema kabisa.

wakili_kijenge: Mdogo wangu anza na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 dhidi ya kimbari. Kimbari si kuua peke yake, kuwadhuru vibaya watu wa kabila fulani mwilini au akilini kwa nia ya kuliangamiza nako kumo. Majaji waliona wale wanawake walibakwa kwa sababu ni Watutsi. Halafu kuhusu meya, wanawake walikimbilia ofisi yake wakijua pale ndipo penye serikali, Interahamwe, wale wanamgambo wa Kihutu, wakawabaka pale pale na maeneo ya karibu, yeye yupo na polisi wake na hazuii, na maneno yake yanawapa nguvu wabakaji. Usiseme hakuwa na uwezo! Mpaka tarehe 18 Aprili 1994 alikuwa anazuia mauaji Taba, akageuka baada ya kikao cha viongozi Gitarama.

mama_sakina: Nyongeza muhimu sana, hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na ubakaji hata kidogo. Januari 1997 mama mmoja, kwa usalama wake walimwita Shahidi J, yuko kizimbani anaeleza mauaji ndipo akasema binti yake wa miaka 6 alibakwa na Interahamwe watatu. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee kati ya majaji watatu, hakuliacha lipite, majaji wakauliza zaidi, mashahidi wengine nao wakasema, mashirika ya wanawake yakabana, Juni mwaka huo hati ikarekebishwa. Kwa hiyo mwanangu ukiisoma hiyo hukumu usiwape sifa wanasheria tu, wale akina mama ndio walioileta. Na nia haikuanza 1994, gazeti la Kangura Desemba 1990 lilitoa "amri kumi za Wahutu" na ya kwanza kabisa ilimlenga mwanamke Mtutsi.

jirani_wa_rusumo: Mimi hukumu naiheshimu ila inaniuma mahakama haikuwa na mamlaka ya kumlipa mwathirika fidia. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 1996 ilikadiria waliobakwa ni kati ya 250,000 na 500,000, wengi wakaachiwa virusi vya UKIMWI, na wajane walilalamika miaka na miaka kwamba mshtakiwa aliye rumande Arusha anapata dawa wakati shahidi aliyetoka kumshtaki anarudi kijijini kufa bila dawa. Hii haivumiliki hata ukiieleza kisheria vipi.

MwanaNjiro: Asanteni sana, sasa nimeelewa. Shikamoo mama. Je kuna kesi nyingine kama hii niisome?

mama_sakina: Marahaba. Soma kesi ya Butare, mkoa wa kusini mwa Rwanda. Pauline Nyiramasuhuko alikuwa waziri wa familia na wanawake wa Rwanda, ndiyo, wa wanawake, alikamatwa Nairobi 1997, akahukumiwa 2011, ni mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani kwa kimbari na mahakama ya kimataifa. Kwa ubakaji pia alikutwa na hatia, kama mkubwa wa Interahamwe waliowabaka Watutsi waliokimbilia ofisi ya mkoa. Kifungo cha maisha kikapunguzwa kuwa miaka 47 kwenye rufaa, Desemba 2015. Ni ndefu mno hiyo hukumu, anza na sehemu ya ofisi ya mkoa uilinganishe na Taba.