Nataka kumshonea mtoto kiota cha kulalia, nishaurini

BintiKisauni
Assalaam aleikum mama zangu na dada zangu. Mimba yangu imeingia mwezi wa saba, ndiyo ya kwanza, na charahani ya marehemu bibi ninayo hapa nyumbani. Nataka kumshonea mwanangu kiota, kile kitanda kidogo cha umbo la yai chenye mto mnene kuzunguka pembeni na kamba ya kukaza upande wa miguuni. Vya dukani ni ghali. Nje nimefikiria leso, ndani nijaze sufi. Vipimo viwe vipi? Na kwa joto letu hili kitambaa gani kitamfaa? Nataka alale humo kati yangu na babake, usiku nimnyonyeshe bila kuinuka.

Fundi_MwembeTayari
Hongera dada. Sehemu ya ndani fanya upana wa sentimita 30 hadi 35, urefu 75 hadi 80. Leso ifue kwanza, mpya ina dondo na ikifuliwa husinyaa. Ukishona kabla ya kufua, kazi yote itajikunja. Pamba tupu ndiyo kitambaa cha Mombasa, hasa kaskazi inapopiga; nailoni itamtoa vipele vya joto. Sufi usiweke. Ikiloa mkojo inagandamana, na kwa unyevu wa huku kwetu itaota ukungu kabla haijakauka. Lesi, riboni na vifungo pia acha, vikinyofoka vinaishia mdomoni.

NesiPwani
Dada, nimekaa wodi ya uzazi miaka mingi, naomba unisikilize kabla hujakata kitambaa. Kiota cha namna hiyo si cha kumlaza mtoto usingizi. Mchanga hana nguvu ya shingo. Akigeuza uso ukazama kwenye mto ule wa pembeni, hawezi kujitoa; anaendelea kuvuta hewa ile ile aliyoitoa, na halii, kwa hiyo hutaamka. Mto mnene pia unazuia upepo na joto linamzidi. Marekani walipiga marufuku kwa sheria mwaka 2022 uuzaji wa mito ya kuzungushia vitanda vya watoto kwa hatari hiyo hiyo. Na kamba ndefu karibu na shingo ya mtoto, hapana kabisa.

Alale chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, bila mto wala blanketi zito, chumba kimoja nanyi lakini mahali pake mwenyewe. Uingereza walipoanza kuwahimiza wazazi kuwalaza chali mwaka 1991, na Marekani 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua sana.

MamaMkubwa_MjiWaKale
Mwanangu, nesi amesema, lakini wanangu wote niliwalaza ubavuni kwangu juu ya leso zilizokunjwa na leo wana watoto wao. Mtoto mchanga anataka harufu ya mamake. Usimtenge.

NesiPwani
Shikamoo mama. Hatengwi. Kitanda chake kisogezwe kiguse cha mamake, mkono unamfikia. Vitanda vyetu vya leo vina magodoro laini na mito mingi, na baba aliyechoka kazini anaweza kumlalia bila kujua.

MamaMkubwa_MjiWaKale
Marahaba. Hilo la baba ni kweli, nakubali. Basi asogeze kitanda.

BintiKisauni
Shukrani nyote. Moyo ulishapenda kiota, ila hapo kwa pumzi sibishani. Mume wangu atamtengenezea kitanda cha mbao, mimi nishone shuka. Kiota je, akiwa macho mchana nimekaa naye?

NesiPwani
Akiwa macho na jicho lako liko kwake, sawa, kwa muda mfupi. Akisinzia mhamishe.

Fundi_MwembeTayari
Shuka ni kazi rahisi, na leso inatosha. Tuseme godoro ni sentimita 120 kwa 60, unene 8. Ongeza unene pande zote na 5 za kukunjia chini: unakata 146 kwa 86. Kipande kimoja cha leso huwa karibu 150 kwa 110, kwa hiyo kinaenea. Pima baada ya kufua. Kila pembe kata mraba wa 13, unganisha kingo zake, halafu pitisha lastiki kwenye pindo lote. Ikaze kiasi cha kukataa kuchomoka ukiivuta kwa mkono, shuka legevu nalo humfunika mtoto uso. Kitanda kisiache nafasi kati ya godoro na mbao. Sponji ibonyeze kwa kiganja dukani. Ikibaki na shimo, mwachie mwenye duka.

MamaMkubwa_MjiWaKale
Na chandarua usisahau mwanangu, mbu wa Kisauni unawajua. Cha dawa uulize kliniki unakohudhuria, wajawazito hupewa. Kining'inize juu kabisa, kingo uchomeke chini ya godoro, kisimlalie usoni. Leso nunua Biashara Street, shika kitambaa kabla ya kulipa, nyingine siku hizi si pamba.

BintiKisauni
Jumamosi naenda inshallah. Fundi, lastiki ya upana gani?

Fundi_MwembeTayari
Ya sentimita moja. Pindo liache na upana wa moja na nusu ipite bila kujikunja.