Tupeane uzoefu: siku ulipotoka kituo cha kuachia dawa za kulevya ukarudi mtaani

Assalam aleikum. Mimi ni wa Kisauni, Mombasa, mwaka wa tatu huu sijagusa unga, yaani heroini. Habari za arosto, yale maumivu ya mwili ukikosa unga, tumeshaambiana sana. Leo nataka tuseme ya siku ya kwanza nyumbani.

Nilikaa kituoni siku tisini. Nilishuka matatu kwenye kona ileile, vijana ni walewale, mmoja akaniita kwa jina langu la maskani, pale tulipokuwa tukikaa kuvuta. Mate yakanijaa, tumbo likanikata, mikono ikatoka jasho, na mwili hauna chembe ya unga! Kumbe mahali tu panatosha kukuamshia kiu. Sikufika nyumbani. Niligeuka nikaenda kwa shangazi yangu Changamwe, nikakaa huko miezi minne. Nanyi, mlishikwa na nini?

Wa Likoni: Kaka, mimi sikulala kituoni, niko kwenye methadoni, dawa ya kumeza inayotolewa kliniki badala ya unga. Kila alfajiri navuka feri, nesi ananipimia, nameza mbele yake, nasema neno moja ili aone kinywa kitupu, basi. Watu wananiambia nimeacha unga nikashika unga mwingine. Inaniuma. Dawa hii hainileweshi, inanizuilia arosto mchana na usiku, nami nabeba viazi Kongowea mpaka jioni bila kumwibia mtu.

Mama wa Majengo: Wanangu, nasoma huku nalia. Wangu alitoka baada ya miezi mitatu, mashavu yamejaa, akila mahamri na mbaazi mpaka namzuia. Wiki ya pili akarudia mara moja tu, kipimo chake cha zamani. Nilimsikia chooni anakoroma, nikadhani usingizi. Nilipofungua, midomo imegeuka rangi, kucha vilevile. Tukammwagia maji, tukamtia maziwa kinywani, kwa kuwa ndivyo tulivyosikia kwa watu. Tukamzika siku ile baada ya Alasiri.

Hakuna aliyeniambia kuwa mwili ukikaa bila unga hauwezi tena kuhimili kete, kile kipimo cha unga, uliyoizoea. Wala sikujua kuna naloksoni, sindano ya kurudisha pumzi. Mwenzenu akizidiwa msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, na semeni wazi ametumia nini. Mimi ningesema, aibu ingenisamehe.

Wa Kisauni: Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana mama. Mimi nilipotoka hakuna aliyenionya hilo, na kama nisingeenda Changamwe, huenda leo ningekuwa kaburini.

Dada wa Tudor: Allah amrehemu, mama. Sisi wanawake tunarudi kwenye jambo jingine. Nilikuta mwanangu wa miaka mitano ananiita shangazi. Nilikaa barazani wiki nzima nikimsuka nywele, simwambii kitu, mpaka siku moja akalala mapajani mwangu mwenyewe.

Wa Magongo: Ndugu yangu anatoka Ijumaa. Amesema tusijisumbue, atapanda matatu mwenyewe.

Wa Kisauni: Msimwachie, kaka. Na simu yake ya zamani msimpe, kaeni nayo ninyi, namba zote za maskani zimo mle.

Mama wa Majengo: Chumba chake kisiwe na komeo kwa ndani. Choo pia.

Wa Magongo: Nimesikia, mama. Komeo nalitoa leo. Ijumaa saa moja asubuhi nitakuwa langoni na tuktuk.