Naomba ushauri: kuhifadhi kumbukumbu za matamasha ya muziki

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu kumbukumbu za matamasha ya muziki niliyohudhuria tangu ujana wangu. Tiketi za zamani, zilizochapwa kwa wino, bado zinasomeka vizuri, lakini zile za baadaye, zilizochapwa kwa joto kwenye karatasi isiyohitaji wino, zimefifia kiasi kwamba tarehe na majina ya wanamuziki yanakaribia kupotea. Nimeanza kuzipiga picha na kuziweka gizani. Je, mifuko ya plastiki inafaa, au huharakisha kufifia? Ninazo pia kaseti nilizorekodi ukumbini, na hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu sauti za mashabiki wakipokea kiitikio hazipatikani katika albamu yoyote. Aliyewahi kuhamishia kaseti kwenye kompyuta anieleze alianzaje, hasa utepe unapokuwa umeanza kunata.